Chama cha Wanasaikolojia Kinapolazimika Kubadilika

Mwaka 1962 kundi kubwa la wanasaikolojia wa Kizungu nchini Afrika Kusini lilikihama chama chao. Hawakuwa wamegombania nadharia wala fedha. Chama hicho, kilichoanzishwa mwaka 1948 na kujulikana kwa kifupi kama SAPA, kilikuwa kimeamua, baada ya miaka ya mabishano, kwamba mtu asiye Mzungu naye anaweza kuwa mwanachama. Mabishano yalianzia kwenye ombi la Josephine Naidoo, msomi mwenye asili ya Kihindi, aliyetaka kujiunga kama mtaalamu mwingine yeyote. Ombi moja la uanachama likaigawa taaluma nzima kwa miaka ishirini. Waliohama waliunda taasisi yao, PIRSA, na wakahakikisha kuwa mlango wake hauingiwi na asiye Mzungu.

Siku za kawaida chama cha kitaaluma hakimkoseshi mtu usingizi. Kinakusanya ada, kinaandaa mkutano wa mwaka, kinachapisha jarida, kinaandika kanuni za maadili, na mara mojamoja kinapeleka ujumbe wizarani. Rais wake hufungua makongamano na kutia sahihi vyeti. Lakini nchi ikianza kubadilika, au sheria mpya ikija, au siri ya zamani ikifichuka, kiti kile kile huwa kigumu kukalia. Watu wanataka kujua chama ni cha nani. Ni cha wanaolipa ada, au ni cha wagonjwa, wafungwa, watoto wa shule na waombaji kazi ambao hatima yao huamuliwa na ripoti ya mwanasaikolojia, na ambao hawana kura katika mkutano mkuu? Kwa wanasaikolojia swali hili ni zito kuliko kwa wahasibu au wahandisi, kwa sababu kazi yao yote imesimama juu ya kuaminiwa. Mtu humweleza mwanasaikolojia jambo ambalo hajamwambia mwenzi wake wala kiongozi wake wa dini.

Viongozi wengi, dhoruba inapoanza, hukimbilia umoja. Tusigawanyike, wanasema, tulinde heshima ya taaluma. Ni silika inayoeleweka, na kwa kiongozi aliyechaguliwa kwa kura za watu wanaozozana ni karibu haiepukiki. Hata hivyo, nikizipitia historia za vyama hivi naona kwamba umoja ni kipimo kibaya cha uongozi wakati wa mageuzi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuuliza nani amepoteza nini. Chama hubadilika pale wenye nguvu ndani yake wanapokubali kupoteza kitu kinachohesabika: viti, mikataba, soko la kazi, hata jina la chama chenyewe. Mageuzi yasiyomgharimu mtu yeyote huishia kwenye barua yenye nembo mpya.

Afrika Kusini ndiko hoja hii inakoonekana kwa uwazi kuliko kwingine kokote, kwa hiyo nitakaa huko kwa muda.

Saikolojia ya nchi hiyo haikuwa mtazamaji wa ubaguzi. Hendrik Verwoerd, mtu anayehesabiwa kuwa msanifu mkuu wa ubaguzi wa rangi, alikuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch mwishoni mwa miaka ya 1920 kabla ya kuhamia sosholojia, uandishi wa habari na hatimaye siasa. Akiwa waziri alisimamia Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953, iliyowapangia watoto wa Kiafrika elimu ya kuwaandaa kwa kazi za chini. Akawa waziri mkuu mwaka 1958 hadi alipouawa mwaka 1966. Mwaka 1939 mtafiti aitwaye Laurence Fick alichapisha kazi kuhusu majaribio ya akili, akidai kuwa mtoto wa Kiafrika ana upungufu wa kuzaliwa nao katika uwezo wa kujifunza. Mwaka 1943 Simon Biesheuvel aliijibu kazi hiyo katika kitabu kizima, akionyesha kuwa lishe, makazi, shule na lugha vinatosha kabisa kuyafanya matokeo ya majaribio yale yasithibitishe lolote kuhusu maumbile.

Jibu la Biesheuvel lilikuwa sahihi na lilihitaji ujasiri. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1946 iliundwa taasisi ya kitaifa ya utafiti wa wafanyakazi, naye akawa mkuu wake. Moja ya kazi zilizoipatia sifa ni majaribio ya kuwapanga maelfu kwa maelfu ya vibarua wa migodi ya dhahabu, wengi wao wakitoka Msumbiji, Malawi, Lesotho na vijijini Afrika Kusini kwenyewe. Majaribio yalifanywa kwa vitendo, bila kutegemea lugha, na yalikuwa na ustadi wake. Yaliamua nani awe msimamizi wa kikosi na nani ashike koleo. Hayakuuliza kwa nini kazi zote za juu zilikuwa za Wazungu tayari, kabla mtu hajapimwa. Kwa hiyo hata mwanasaikolojia aliyekataa nadharia ya ubaguzi alijikuta akiuhudumia mfumo wake. Hapo ndipo tatizo la chama lilipo. Mwanachama mmoja mmoja anaweza kuwa na nia njema, na taaluma kwa ujumla wake ikawa inatumika vibaya.

Tukirudi kwenye mgawanyiko wa 1962, ni rahisi kuwaweka SAPA upande wa haki na PIRSA upande wa dhuluma, kisha tukafunga mjadala. PIRSA walistahili lawama yao yote. Lakini SAPA, baada ya kufungua mlango, walifanya nini? Walibaki na mlango wazi na nyumba isiyo na wageni. Vyuo vilivyotoa mafunzo vilikuwa vya Wazungu, na nafasi za mazoezi hospitalini vilevile. Chabani Manganyi, Mwafrika wa kwanza nchini humo kufuzu saikolojia ya tiba, ilibidi afanyie mazoezi yake Hospitali ya Baragwanath, Soweto, kwa kuwa taasisi za Wazungu zisingempokea mtaalamu Mweusi awahudumie wagonjwa wao. Mwaka 1973 alichapisha kitabu kuhusu maana ya kuwa Mweusi duniani, na katika miaka ya 1980 alipanda kizimbani kama shahidi mtaalamu katika kesi za kisiasa. Ni mtu ambaye chama chochote cha wanasaikolojia kingepaswa kumfuata alipo. Chama kilichoruhusu watu wa rangi zote kuingia, bila kugusa njia inayowafikisha mlangoni, kilikuwa kimejitoza gharama ndogo mno.

Halafu ikaja miaka ya 1980, na pamoja nayo umoja. Sheria ya mwaka 1974 ilikuwa imewaweka wanasaikolojia chini ya baraza la usajili pamoja na madaktari. Sasa vyama vyote viwili vilikuwa na maslahi yanayofanana: masharti ya usajili, malipo kutoka bima za afya, ulinzi wa jina la taaluma. Wakakutana, wakaungana, na kikazaliwa chama kimoja, PASA. Mgawanyiko wa miaka ishirini ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyeulizwa kuhusu 1962. Hakuna aliyeombwa radhi. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite.

Mwanaharamu hakupita. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, ya vijana kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Don Foster, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alifanya pamoja na wenzake utafiti kwa watu waliowahi kuwekwa kizuizini na kuutangaza mwaka 1985. Zaidi ya wanane katika kila kumi walisimulia kuteswa kimwili. Hili lilikuwa jambo la kisaikolojia kwa kila kipimo: upweke wa selo, kunyimwa usingizi, vitisho, na madhara yanayobaki baada ya mtu kuachiwa. Chama cha taifa, ambacho kingepaswa kuwa cha kwanza kulisemea, kilikuwa kimejizoeza kuamini kwamba siasa si kazi yake.

Kazi hiyo ikafanywa nje ya chama. Mwaka 1983 iliundwa jumuiya iitwayo OASSSA, iliyowakusanya wanasaikolojia na wafanyakazi wa ustawi wa jamii kutoa huduma kwa waliotoka kizuizini na kwa familia zao, na jarida lililobeba mijadala ya saikolojia na jamii, PINS, ambalo lilithubutu kuandika yale ambayo majarida rasmi yaliyakwepa. Mwishoni mwa muongo likaibuka kundi la wanasaikolojia waliojitangaza waziwazi kuwa wapinzani wa ubaguzi. Watu hawa hawakuwa na ofisi ya maana wala fedha. Walichokuwa nacho ni rekodi ya kazi, na wakati wa mageuzi rekodi ya namna hiyo ina thamani kuliko akaunti ya benki.

Januari 1994, miezi mitatu kabla ya uchaguzi uliomwingiza Nelson Mandela madarakani, wanasaikolojia walikutana Chuo Kikuu cha Western Cape. Mahali penyewe palibeba ujumbe. Chuo hicho kilianzishwa na serikali ya ubaguzi kwa ajili ya watu walioitwa Machotara, kikageuka kuwa ngome ya upinzani. Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo viongozi wa vyama katika nchi nyingine wanapaswa kulisoma kwa makini. Wapinzani hawakukaribishwa kujiunga na PASA. PASA yenyewe ilivunjwa na chama kipya kikaundwa, PsySSA. Wenye chama cha zamani walipoteza jina na nafasi zao, pamoja na dai la kuwa wao ndio historia halali ya taaluma. Katiba mpya ilikiri ukimya wa saikolojia ya nchi hiyo na kuahidi kuurekebisha. Miaka mitatu baadaye, Juni 1997, Tume ya Ukweli na Maridhiano iliposikiliza sekta ya afya, chama kipya kiliwasilisha maelezo yake kuhusu namna taaluma ilivyohusika.

Mmoja wa waasisi alikuwa Saths Cooper. Alikuwa rafiki na mwenzake Steve Biko katika harakati za kujitambua kwa Watu Weusi, alishtakiwa katika kesi maarufu ya viongozi wa harakati hizo katikati ya miaka ya 1970, akafungwa Kisiwa cha Robben, akaachiwa mwaka 1982. Baadaye akasomea saikolojia hadi uzamivu na kukiongoza chama chenyewe. Julai 2012 kongamano la kimataifa la saikolojia, ambalo historia yake inaanzia 1889, lilifanyika Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na mwaka huo huo Cooper akachukua urais wa umoja wa kimataifa wa taaluma hiyo. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mtu mmoja. Mimi naona zaidi kazi ya miaka kumi ya wale waliotunza jarida na kliniki za kujitolea bila kujua kama kutakuwa na 1994.

Na mageuzi hayo yana mipaka ambayo ni lazima isemwe. Sheria ya Usawa wa Ajira ya mwaka 1998 ilipiga marufuku jaribio lolote la kisaikolojia kazini isipokuwa liwe limethibitishwa kisayansi kuwa halali, la kuaminika, linaloweza kutumika kwa haki kwa wafanyakazi wote na lisilo na upendeleo dhidi ya kundi lolote. Hilo lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa historia ya migodini. Lakini sheria ndiyo iliyowabana wapimaji. Si chama kilichojibana. Wanasaikolojia wanaoweza kumhudumia mtu kwa Kizulu, Kixhosa au Kisotho bado ni wachache mno ukilinganisha na wasemaji wa lugha hizo. Na mapigano yaliyofuata yalikuwa ya soko. Kanuni za mwaka 2011 ziligawa nani afanye nini kati ya wanasaikolojia wa tiba, wa ushauri, wa elimu na wa viwanda. Zikapelekwa mahakamani, na mwaka 2016 zikatangazwa batili. Taaluma iliyowahi kugawanyika kwa sababu ya rangi ikajikuta katikati ya wanachama wanaogombania haki ya kutoza bima.

Marekani ina kisa kingine, na hiki kinahusu ukaribu wa chama na dola. Chama cha Saikolojia cha Marekani, APA, kilianzishwa mwaka 1892. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza mwaka 1917, rais wa chama mwaka huo, Robert Yerkes, alijitolea kuwapima akili askari wapya. Waliopimwa walifika takriban milioni 1.7. Vita vya Pili vilipokwisha, idara ya maveterani ikawa mfadhili mkubwa wa mafunzo ya saikolojia ya tiba. Kwa ufupi, jeshi liliifanya saikolojia ya Marekani iwe kubwa. Hakuna njama katika hilo. Lakini mkono mtupu haulambwi, na chama kilichozoea kulishwa na mkono fulani hupata shida kuukemea.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen, walibuni kwa mkataba wa shirika la ujasusi, CIA, mbinu za kuwahoji wafungwa ambazo zilijumuisha kuwatesa kwa maji. Ripoti ya Baraza la Seneti ya Desemba 2014 ilionyesha kuwa kampuni yao ililipwa dola milioni 81. Mwaka 2005 APA iliunda jopo la kuangalia maadili ya wanasaikolojia katika masuala ya usalama wa taifa. Kati ya wajumbe tisa wenye kura, sita walikuwa na uhusiano na jeshi au idara za usalama. Jopo lilikaa siku chache tu na kuamua kuwa ushiriki wa wanasaikolojia katika mahojiano hayo unaendana na maadili. Mjumbe mmoja, Jean Maria Arrigo, alikuja kueleza hadharani jinsi kikao kilivyoendeshwa, na kwa miaka mingi alilipia gharama ya kusema.

Mwaka 2008 wanachama walichukua hatua wenyewe. Walikusanya sahihi, wakalazimisha kura ya wanachama wote, na takriban asilimia 59 wakaamua kuwa mwanasaikolojia asifanye kazi mahali ambapo wafungwa wanashikiliwa kinyume cha sheria za kimataifa, isipokuwa awe anamhudumia mfungwa mwenyewe au shirika huru. Uamuzi ulikuwa wazi. Utekelezaji ukakwama kwenye ofisi za makao makuu kwa miaka saba.

Hapa kuna somo la muundo ambalo vyama vyetu huku Afrika Mashariki havilizingatii. Rais wa APA hukaa mwaka mmoja. Hata ukiongeza mwaka wa kuwa rais mteule na mwaka wa kuwa rais mstaafu, ni mitatu. Mtendaji mkuu na wakurugenzi wake hukaa muongo na zaidi. Mtendaji mkuu wa wakati wa kashfa alikuwa ofisini tangu 2003. Anayechaguliwa kwa kura huja na kwenda, anayeandaa ajenda na kuandika muhtasari wa kikao hubaki. Kiongozi anayetaka kugeuza chama bila kujua nani anashika kalamu ya muhtasari atamaliza muhula wake akishangaa kwa nini maazimio hayatoki kwenye karatasi.

Kilichobadilisha mambo kilitoka nje. Mwandishi wa habari James Risen alichapisha kitabu mwaka 2014 chenye barua pepe zilizoonyesha mawasiliano ya ndani ya viongozi wa chama na watu wa usalama. Bodi ikamwajiri wakili wa nje, David Hoffman, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, na kumfungulia makabrasha. Ripoti yake ya Julai 2015, yenye kurasa zaidi ya 500, ilihitimisha kuwa baadhi ya maofisa wa chama walishirikiana na maofisa wa wizara ya ulinzi kuhakikisha miongozo ya maadili inabaki legelege. Baadhi ya waliotajwa wamekanusha hitimisho hilo na kwenda mahakamani kulipinga, na haki yao ya kufanya hivyo ni sehemu ya kisa. Lakini angalia kilichofanywa na Nadine Kaslow, aliyekuwa rais mwaka uliotangulia, na Susan McDaniel, rais mteule, walioongoza kamati maalumu. Walisimama mbele ya umma na kuomba radhi bila kusubiri mawakili wamalize kupima kila neno. Viongozi wa juu wa sekretarieti waliondoka. Agosti 2015, Toronto, baraza la wajumbe lilipiga kura 157 kwa 1 kuwazuia wanasaikolojia kushiriki mahojiano ya usalama wa taifa.

Kura 157 kwa 1 inapendeza kuitazama. Kwangu mimi kura ya 2008, ile ya asilimia 59, ndiyo iliyokuwa ya ujasiri zaidi. Ilipigwa wakati jambo lenyewe lilikuwa na upinzani, kabla ya ripoti na kabla ya magazeti. Chama kingeitii, kusingekuwa na Hoffman.

Historia ya APA inafundisha pia kwamba kugawanyika si kifo. Mwaka 1968 wanasaikolojia Weusi walioona hawasikilizwi walianzisha chama chao San Francisco. Miaka michache baadaye Kenneth Clark, ambaye utafiti aliofanya na mkewe Mamie kuhusu watoto na wanasesere ulitumika katika kesi ya mwaka 1954 iliyobatilisha ubaguzi shuleni, akawa rais wa kwanza Mweusi wa APA, na akasukuma kuundwa kwa bodi ya kusimamia wajibu wa kijamii na kimaadili wa chama. Presha ya nje iliwapa nafasi wenye nia njema waliobaki ndani. Mwaka 1988, mpango wa kuupanga upya muundo wa APA uliposhindwa katika kura ya wanachama, watafiti wengi waliunda chama chao cha sayansi. Vyama vyote viwili vipo hadi leo. Kiongozi anayekubali kila sharti ili mtu yeyote asiondoke anawapa wenye vitisho kura nyingi kuliko wenzao.

Kuomba radhi nako kumekuwa sehemu ya kazi ya uongozi wa vyama hivi. Chama cha Saikolojia cha Australia kiliwaomba radhi Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait mwaka 2016, kikitaja matumizi ya majaribio na tafiti zilizowadhalilisha. Mwaka 2021 APA iliomba radhi kwa mchango wake katika ubaguzi wa rangi. Ya Australia ina uzito kwa sababu tangu 2008 walikuwapo wanasaikolojia wa kiasili wenye chama chao, watu ambao wangeweza kuipokea, kuikosoa na kuifuatilia. Ile ya Marekani ilipokewa kwa mashaka na baadhi ya wale iliowalenga, waliotaka kuona kwanza bajeti na nafasi za masomo. Naona walikuwa na haki.

Sasa tuje nyumbani, ambako mageuzi yana sura tofauti. Katika Afrika Mashariki vyama vya wanasaikolojia na washauri nasaha ni vichanga, na mabadiliko makubwa yanayovikabili ni ya kisheria. Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayoweka bodi ya kusajili, kutoa leseni na kushughulikia malalamiko. Kabla ya sheria kama hiyo, cheti cha chama ndicho kinachomtofautisha mtaalamu na mtu aliyehudhuria semina ya wiki mbili. Baada yake, leseni inatoka kwa dola. Chama kinapoteza mamlaka, na mara nyingi sehemu ya mapato.

Waingereza walipitia hapo. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1901 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1965, kiliwaorodhesha chenyewe wanasaikolojia wenye sifa kwa miaka mingi. Tangu Julai 2009 usajili wa wanaotoa huduma ulihamia kwenye baraza la kiserikali la taaluma za afya. Wapo waliolia kuwa chama kimenyang'anywa. Ninavyoona mimi, kilipunguziwa mzigo ambao hakikuweza kuubeba kwa haki, kwa sababu ni vigumu kwa mtu yuleyule kumtetea mwanachama asubuhi na kumhukumu mchana. Mgonjwa aliyedhulumiwa anahitaji pa kulalamikia pasipo pa marafiki wa aliyemdhulumu. Viongozi wetu wanaong'ang'ania vyama vyao viwe pia wasajili na mahakimu wanajipa madaraka ambayo siku moja yatawafanya wafunike makosa ya wenzao, hata kama leo hawana nia hiyo.

Kinachobaki kwa chama baada ya leseni kwenda serikalini ni kazi kubwa kuliko ile iliyoondoka. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi Agosti 7, 1998, zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Siku hiyohiyo Dar es Salaam nayo ilishambuliwa. Walioshika mkono wa waliofiwa walikuwa mchanganyiko wa washauri wa makanisa, walimu, wauguzi na wanasaikolojia wachache waliokuwapo. Wengi wa watu wale wasingepata leseni kwa vigezo vya leo. Chama kinachoandika vigezo vya uanachama kinapaswa kuamua waziwazi nini kifanyike kwao: wapewe njia ya kujiendeleza, au wafungiwe nje ili wenye shahada ya uzamili wabaki na soko. Katika nchi ambako wataalamu wengi wako Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kuwafungia nje maana yake ni kuiacha Kigoma au Turkana bila mtu kabisa. Afrika Kusini ilishatuonyesha mlango ulio wazi usio na njia ya kuufikia unavyofanana.

Vilevile kuna zana. Vipimo vya sonona na wasiwasi vinavyotumika kliniki nyingi vilitungwa kwa Kiingereza, na tafsiri zake za Kiswahili hazina ubora sawa. Mama wa Tanga anayesema moyo unamwenda mbio na kichwa kinajaa mawazo anaelezea jambo ambalo swali lililotafsiriwa neno kwa neno linaweza kulipita. Kupima na kusahihisha vipimo hivyo kwa wasemaji wa Kiswahili wa Mombasa, Lubumbashi na Unguja ni kazi ya miaka, haina posho nono, na hakuna bodi ya serikali itakayoifanya. Ni ya chama. Tena ni ya vyama kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa lugha haikomei mpakani.

Na kuna sheria zenyewe. Kwa miongo mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kosa lililorithiwa kutoka sheria za kikoloni. Mtu aliyeokolewa kutoka kwenye kamba au sumu aliweza kutoka wodini akaenda mahabusu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili nchini humo, pamoja na tume ya taifa ya haki za binadamu, walilipeleka jambo hilo mahakamani, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kifungu hicho kinakiuka katiba. Hakuna mwanachama aliyeongezewa ada ya ushauri kwa kesi ile. Walionufaika ni watu ambao hawatahudhuria mkutano mkuu wa chama chochote. Tanzania nayo ilirithi kosa hilo hilo kutoka enzi hizo hizo, na faili la hoja zilizoshinda Nairobi limekwisha kuandikwa; kinachohitajika ni chama kitakacholiweka kwenye ajenda ya mkutano wake ujao na kumtaja atakayelibeba.